Biriani ya Bi Mardhiya

Miradie alikuwa ametimiza miaka ishirini na tisa, na alikuwa akijifunza kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Kifaransa alikisoma Lubumbashi alikozaliwa. Kiingereza alikipata hapahapa London, alikoletwa na mama yake angali binti mdogo. Kiswahili hakufundishwa na mtu, alizaliwa nacho. Lakini hiki Kiebrania! Hiki kilimkalia kooni. Kila Jumanne, akitoka kazini kwenye ghala la mizigo ya ndege kule Hayes, alikwenda kuketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha nyuma cha sinagogi moja karibu na Finchley Road, kidole juu ya ukurasa, akitamka silabi mojamoja mbele ya watu wazima wenzake. Na kila Jumanne alirudi nyumbani na hamu ya kumpiga mtu.

Alhamisi ile, mtu wa kupigwa alikuwa Munir.

Walikuwa wameketi mkahawani Kilburn, ng'ambo ya barabara kutoka duka la miwani ambamo Munir alifanya kazi ya kupima watu macho. Dukani humo ndimo walimojuana. Miradie aliingia kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikimuuma, akaambiwa aweke kidevu kwenye kile kifaa, taa ikazimwa. "Tazama juu," kijana wa Kizanzibari alimwambia gizani. "Tazama chini. Tazama kulia. Sasa nitazame mimi." Agizo la mwisho halikuwamo katika vipimo, na wote wawili walilijua. Miradie alimtazama, na mpaka leo hajamaliza kumtazama.

Sasa Munir alikuwa amekivuta kitabu chake cha Kiebrania upande wake wa meza.

"Hebu nione. Hivi vinukta vya chini ndiyo irabu?"

"Ndiyo."

"Kumbe! Kama zetu. Sisi Unguja chuoni, kwenye Kurani, tulianza hivihivi, kulia kwenda kushoto, na bakora ya maalim juu ya kichwa. Hii herufi gani? Na hii?"

Miradie akamtajia zote, mojamoja. Munir akaumauma mdomo, akarudi mwanzo wa mstari, akasoma. Alisoma polepole, lakini hakukwama hata mara moja. Ulikuwa ni mstari wa kubariki mkate, uleule uliokuwa umemtoa Miradie jasho wiki nzima. Alipomaliza akainua uso, macho yanamng'aa, anasubiri kusifiwa.

Miradie alimpenda mwanaume huyu. Alipenda hata jinsi alivyokunja mikono ya shati kabla ya kunywa chai, kana kwamba anakwenda kulima. Lakini saa ile alitamani kummwagia hiyo chai.

"Lete kitabu changu."

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Ndiyo shida yenyewe."

"Sasa mbona umenuna?"

"Munir, mimi nalala na mstari huo, naamka nao. Wewe umeukuta mezani, umeunywa na chai."

"Ni kwa sababu ya Kiarabu tu, Mira. Si akili."

"Sijasema akili. Nasema ni lugha ya babu yangu. Ya babu yangu mimi! Nikiiita inanikimbia, wewe hata hujaiita inakuja kukukalia mapajani."

Munir akacheka. Hakupaswa kucheka.

Babu mwenyewe Miradie hakupata kumwona. Alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, mmoja wa wale waliofungua maduka Katanga zamani. Aliuza vitambaa Lubumbashi, akazaa na mwanamke wa Kiluba mtoto mmoja wa kike, Émilienne, ndiye mama yake Miradie, kisha akaenda Ubelgiji kutibiwa kifua na hakurudi. Hakumwachia mtoto hata jina. Kitu pekee ambacho Émilienne alikikumbuka ni Ijumaa jioni: baba yake anafunga duka mapema, ananawa, anamwekea kiganja utosini na kunong'ona maneno ambayo hapakuwa na mtu wa kuyaelewa. Émilienne alilificha jambo hilo mpaka siku moja, akichambua majani ya sombe, likamponyoka. Alilisema mara moja tu na kuendelea na sombe yake. Binti yake hakupata usingizi tangu siku hiyo.

Maneno gani hayo? Nani alimfundisha yule mzee? Na damu ile iliyomo mwilini mwa Miradie, ni yake au ameibeba tu kwa niaba ya wenyewe? Akaenda kubisha hodi sinagogi. Walimpokea vizuri, hakuna aliyemfukuza. Lakini mama mmoja wa Kiingereza, mwema kabisa, alimuuliza kama Myahudi wa kwao alikuwa bibi au babu. "Babu mzaa mama," Miradie akajibu. Yule mama akasikitika kwa dhati. Uyahudi hupita kwa mama, akamweleza, na kwa hiyo ulikuwa umekatikia kwa babu. Kama anautaka itabidi auanze mwenyewe, asome, auishi, kisha siku moja asimame mbele ya marabi watatu wamuulize. Mwalimu wake, Dvora, alimwambia aende hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza Miradie aliichagua mwenyewe: nyama na maziwa havikukutana tena katika sahani yake.

"Jumapili Mama anakungoja," Munir alisema, akimrudishia kitabu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Hilo nalo. Bi Mardhiya alikuwa amekataa kumwona Miradie kwa mwaka mzima na ushei. Sasa amekubali. Jumapili ikienda sawa, wiki inayofuata wazee wa Munir watakwenda Kilburn kwa Mama Émilienne kupeleka posa. Isipokwenda sawa, Munir hana mwingine wa kwenda kumposea, na hakuwa kijana wa kuoa pasi na radhi za mama yake. Wote wawili walilijua hilo pia.

"Umemwambia mambo yangu? Ya nyama na maziwa?"

"Mambo ya jikoni niachie mimi."

"Munir."

"Mira. Niachie mimi, tafadhali." Akamshika mkono juu ya meza, akamtazama kwa macho yale yale ya gizani, na Miradie akayeyuka. Akamwachia.

*

Jumapili asubuhi Mama Émilienne alikuwa mbele ya kioo, anafunga kilemba cha kwenda kanisani. Alimtazama binti yake kupitia kioo hicho bila kugeuka.

"Unaenda kwa ba-Islamu, na kitabu ya ba-Juif iko mu sakoshi ku bega," alisema. "Yesu naye, umemwachia nani?"

"Mama, Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi."

"Usinifundishe Yesu! Yesu hakunikimbia. Ule baba alinikimbia. Sasa uko natafuta nini kwa batu benye habakuyue hata jina?"

Nyumbani Miradie alirudi kwenye Kiswahili cha Lubumbashi. Nje ya hapo, tangu alipoanza kutoka na Munir, lafudhi ilikuwa imeanza kumgeuka, na mama yake alizoea kulalamika kuwa Kiswahili cha binti yake kimeolewa kabla yake.

"Niko natafuta yenye alikuwa anasema juu ya kichwa yako, Mama. Siku ya tano jioni, akisha kufunga duka."

Mikono ya Émilienne ikasimama kwenye kilemba. Kisha ikaendelea kufunga, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Uende," alisema. "Lakini ukule. Unasikia? Ukikatala chakula ya mama ya mwanaume, ndoa imeisha."

*

Harufu ya zafarani na vitunguu vya kukaanga ilimpokea Miradie tangu ngazini, kwa kina Munir kule Wembley. Sundus, mdogo wake Munir, alimfungulia mlango, akamkumbatia, na kumnong'oneza sikioni: "Good luck. She's in a good mood, don't ask me why."

Bi Mardhiya alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Alitokea jikoni akijifuta mikono kwa taulo, mtandio begani, akamkagua mgeni kuanzia kwenye viatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mrefu hivi! Huyu hakunambia." Huyu alikuwa Munir, aliyesimama kando ya meza katika shati lililopigwa pasi mpaka likakauka. Macho yao yalikutana mara moja, haraka. Alikuwa mzuri mno siku ile. Miradie alilazimika kutazama zulia.

Walipoketi, Bi Mardhiya hakuzunguka mbuyu.

"N'takwambia kweli maana sipendi unafiki. Mwanzo n'likukataa. Mara n'naambiwa Mkongo, mara Mkristo, mara Myahudi, mara bado hajawa Myahudi, anasomea. N'kasema huyu mtoto ameniletea mtu au kitendawili? Kisha n'kakaa n'kafikiri. Nao watu wa kitabu. Wanachinja kama sisi. Nguruwe hawamgusi kama sisi. Basi hapo nini tena? Leo nimekupikia mwenyewe. Sundus sikumpa hata kitunguu amenye."

"Nashukuru sana, Mama." Na alishukuru kweli. Sinagogini alikuwa wa upande usiohesabiwa, kanisani kwa mama yake alikuwa mpotevu, na hapa mwanamke asiyemjua alikuwa amepita njia yake mwenyewe, mbio mbio, akamfikia.

Bi Mardhiya akafunua sinia.

Ilikuwa ni biriani ya mbuzi. Viazi vimekuwa vyekundu, wali umetiwa rangi upande mmoja, na masala mazito yamelala juu ya nyama, weupe weupe umeganda pembezoni mwa mafuta. Miradie aliutazama ule weupe. Kisha akamtazama Munir. Munir, ambaye analipwa kwa kutazama watu machoni, alikuwa akitazama bilauri ya juisi.

"Mama," Miradie aliuliza kwa sauti ndogo, "humu mna mtindi?"

"Mtindi mwingi!" Bi Mardhiya alijibu kwa fahari. "Nyama imelala ndani yake tangu jana mchana. Ndiyo maana ikawa laini hivi, hata bila meno unakula. Lete sahani."

"Samahani sana, Mama. Mimi siwezi kula nyama pamoja na maziwa."

"Tumbo?"

"Hapana, si tumbo. Ni kwamba sisi..." Akakwama. Sisi? Nani aliyempa ruhusa ya kusema sisi? "Ni kwamba wao..." Akakwama tena. Kama ni wao, yeye yanamhusu nini mpaka akatae chakula cha mkwe? Alijisikia kama yuko tena kwenye kiti cha plastiki, kidole kwenye ukurasa, na watu wote wanasubiri silabi moja tu itoke. "Ndivyo ninavyojifunza kuishi," alimalizia, na uso ukamwaka moto.

"Sijafahamu," Bi Mardhiya alisema. Hakuwa na hasira bado, alikuwa anatafuta. "Nyama ya halali, umeninunulia wewe, Sundus, sivyo? Maziwa ya halali. Vikikutana ndani ya chungu vinakuwa haramu?"

"Kwa kule ninakojifunza, ndiyo, Mama."

"Mum, it's a thing they have," Sundus aliingilia. "Just leave it. She can have the salad."

"Saladi! Mtu anakuja kwangu mara ya kwanza ale saladi?"

Hapo Munir akainua uso. "Mira," alisema kwa upole, upole ule wa kubembeleza mtoto anywe dawa, "kijiko kimoja tu. Mama amesimama jikoni tangu alfajiri."

"Munir, unajua siwezi."

"Kijiko kimoja. Hakuna rabi hapa."

Angempiga kofi lisingemuuma hivyo. Miradie akavuta bakuli la kachumbari karibu yake. "Nitakula kachumbari na ndizi, Mama," alisema. "Na nitakaa mpaka mwisho. Tafadhali, nyinyi kuleni."

Mwiko ulibaki hewani mkononi mwa Bi Mardhiya. Uso wake, uliokuwa wazi tangu mlangoni, ulifungwa. Akafunika sinia, akalibeba mwenyewe na kulirudisha jikoni, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

*

Munir alimvutia Miradie kwenye ukumbi mwembamba wa mlangoni, penye viatu na makoti.

"Umenitia aibu," alinong'ona.

"Mimi? Uliniambia nikuachie wewe mambo ya jikoni. Nikakuachia. Ulimwambia au hukumwambia?"

Munir akainama, akapanga viatu vilivyokwisha kupangwa.

"Ulijua kuna mtindi?"

"Mira, hiyo biriani nimeila tangu nina meno mawili."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanyamaza. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Mwaka mzima namlegeza mama yangu. Nikimaliza hili, unaleta lile. Mara Jumanne una darasa, mara Jumamosi uko sinagogini, mara nyama, mara maziwa. Ningemwendea na sharti jingine angesema basi, imetosha, tafuta mwingine. Niliogopa. Nikafikiri ukifika mezani, ukamwona alivyohangaika, utaona haya, utakula. Na ukishakula mara moja, basi, yatakwisha."

"Yatakwisha nini?"

"Haya mambo."

"Haya mambo ni mimi, Munir."

"Si wewe! Wewe nakujua. Wewe ni Miradie wa Kilburn anayecheka mpaka anakohoa. Tangu uanze darasa hilo hucheki. Unarudi umekasirika kila wiki. Na kwa nini? Unakataa chakula cha mama yangu kwa ajili ya watu ambao hata hawakuhesabu wewe kuwa mwenzao!"

Lilishatoka. Munir mwenyewe alishtuka kulisikia. Miradie aliegemea makoti. Jambo hilo alikuwa amejiambia mwenyewe mara nyingi, ndani ya basi, bafuni, ghalani. Hakuwahi kudhani atalisikia kwa sauti ile aliyoipenda kuliko zote.

"Sikatai kwa ajili yao," alisema taratibu. "Ni ahadi yangu. Nimeiweka mimi, hakuna aliyeniomba. Katika mambo haya yote hakuna kingine kilicho changu ila hicho. Lugha hainitaki, jina sina, babu alikwenda zake. Hicho kimoja ndicho ninachokiweza. Na wewe ulitaka kukichukua kwa mkono wa mama yako."

"Munir."

Bi Mardhiya alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, taulo bado liko mkononi. Haikujulikana amesikia tangu wapi, lakini alikuwa amesikia vya kutosha.

"Mama, ngoja nikueleze."

"N'nauliza kitu kimoja. Ulijua kama mgeni wangu hali hichi, ukaniacha n'kakipika?"

"Mama, nilitaka tu..."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Bi Mardhiya alivuta pumzi. Alipozungumza tena hakumtazama mwanawe, alimtazama Miradie.

"N'lipofika mji huu n'kilea watoto wa bibi mmoja wa Kizungu. Siku ya Krismasi akanikalisha mezani kwake, kwa mapenzi yake, akanipakulia kuku. Kuku amepikwa kwa mvinyo. Sikula. N'liona haya mpaka miguu ikafa ganzi. Yule bibi alinuna mpaka n'kaacha kazi. Lakini yeye maskini hakuwa na mtu wa kumwambia. Mimi n'nae." Akalikunja taulo mara mbili. "N'nae mtoto wangu wa kuzaa. Akanikalisha mimi mahali pa yule bibi, akakukalisha wewe mahali pangu, akatia juisi akanywa."

"Mama, nisamehe," Munir alisema.

"Jumapili ijayo siendi Kilburn. Posa siipeleki."

Miradie alijitoa kwenye makoti. "Mama, kosa ni langu, ningeuliza mapema—"

"Si lako. Wewe nimekupenda, ingawa umeniachia biriani ya watu kumi." Bi Mardhiya alisogea, akamshika Miradie shavu kwa mkono unaonukia iliki. "Ni huyu ndiye hajawa wa kuoa. Mume anayekutegea hila ndani ya sahani, siku akikutegea kubwa kuliko hiyo, mama yako atakuja kuniuliza mimi. N'tamtazama kwa macho gani?"

Ilipasa Miradie afurahi. Miezi yote ile alitamani mtu mmoja, mmoja tu, asimame upande wake bila kumpima damu. Sasa amepatikana, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyang'anya mume. Miradie alihisi hasira za kulia. Alimkasirikia babu, Dvora na yule mbuzi. Alimkasirikia na Mungu pia, wa sinagogi, wa kanisani kwa mama yake na wa Wembley, ambaye kila alikokwenda walimwapia kuwa ni mmoja. Akavaa koti lake, akambusu Bi Mardhiya mkono, akaondoka.

*

Munir alimkuta kwenye jukwaa la treni, Wembley Park, bila koti, anahema. Upepo ulikuwa ukimpiga shati lake la pasi.

"Mira. Nisamehe."

"Nimekusikia."

"Kusikia si kusamehe."

"Ndiyo. Si kusamehe."

Wakasimama bega kwa bega wakitazama reli, kama watu wasiojuana. Mkono wake ulikuwa karibu, na Miradie alijizuia kuushika. Hilo ndilo lililomkera zaidi ya yote, kwamba hata sasa alitaka kuushika.

"Nitamwomba Mama radhi," Munir alisema. "Atalegea. Namjua. Nipe mwezi mmoja."

"Na mimi? Mimi unangoja nilegee lini?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema ukumbini. Kwenu si mna msemo, ukipenda boga penda na ua lake?"

"Nalipenda ua."

"Hulipendi, Munir. Unalivumilia, unangoja linyauke."

Alitaka kubisha, akashindwa. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana uongo haukumkaa vizuri mdomoni. Akapitisha mikono usoni. "Mimi nakupenda," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwama. "Nakupenda mpaka najisikia mjinga. Nilitaka tuoane, basi. Kila mtu ananilaumu leo, lakini fikiria na wewe. Ungekula kijiko kimoja tu, Mira. Kimoja! Saa hizi tungekuwa wachumba."

"Na Jumapili ijayo ungeniletea cha pili."

Munir akageuza uso kutazama taa za treni zikikaribia.

Treni ikaingia, milango ikafunguka, na Miradie akapanda. Hakuketi. Aligeuka akasimama palepale mlangoni, uso kwa uso na mwanaume yule, hatua moja kati yao. Alitamani Munir naye apande. Hakuhitaji maelezo wala viapo. Alijijua, angelisikia tu neno *hapana, sitakuletea*, angemsamehe kabla ya kufika Kilburn, na yaliyobaki wangeyapigania wakiwa wawili. Alimngoja amwambie. Alimtazama machoni, vile alivyofundishwa na yeye mwenyewe gizani, na machoni humo aliona mapenzi, aliona na machozi, na akaona jinsi alivyokuwa akilitafuta neno hilo kwa bidii, kila mahali, bila kulipata.

Milango ikafungwa.